Yokozuna Angerudi

Kila Jumapili jioni nampigia simu mjomba wangu, na baada ya shikamoo na habari za mguu tunaingia kwenye kazi yetu ya kumrudisha Yokozuna ulingoni. Tumeianza Februari. Mimi niko Dodoma, hosteli, namalizia uzamili wa Kiswahili. Yeye yuko Tandale, Dar es Salaam, kwenye kitanda ambacho fundi amekiongezea mbao katikati kisipasuke. Mtu tunayemrudisha alifariki Oktoba 23, 2000, kwenye chumba cha hoteli mjini Liverpool, Uingereza, akiwa na miaka 34. Wote wawili tunalijua hilo, na halijawahi kutuzuia.

Kwa asiyemfahamu, jina lake halisi ni Rodney Anoa'i. Alizaliwa San Francisco, Marekani, kwenye ukoo wa Kisamoa ambao mieleka kwao ni kama uvuvi kwa watu wa pwani. Alifunzwa na Afa na Sika, ndugu wawili wa ukoo huohuo. Mwaka 1992 kampuni ya WWF ilimvika nguo za sumo, ikamkabidhi kwa meneja aliyebeba bendera ya Japani na ndoo ya chumvi, ikampa jina la Yokozuna. Hicho ni cheo cha juu kabisa cha sumo, na yeye hakuwahi kucheza sumo wala hakuwa Mjapani. Januari 1993 alishinda Royal Rumble. Mwezi huohuo, huko Japani kwenyewe, kijana wa Hawaii aitwaye Akebono akawa mgeni wa kwanza kupewa cheo hicho kwa haki. Kwa hiyo mwezi mmoja dunia ilipata yokozuna wawili kutoka visiwa vya Pasifiki, mmoja wa kweli na mmoja wa kuazima. Sisi tulimpenda wa kuazima.

Nasema sisi, ingawa mwaka 1993 mimi sikuwepo. Nilimkuta kwenye mkanda. Mjomba alikuwa na mikanda minne ya video aliyoinunua kwenye kibanda umiza kilichofungwa, na deki iliyokuwa ikimeza mkanda mpaka uitoe kwa kijiko. Nilipokuwa darasa la pili tulikuwa tunaangalia mieleka ya 1993 kana kwamba imepigwa jana. Kwenye ile mikanda Yokozuna hazeeki. Anapanda kona ya ulingo, anashika kamba huku na huku, anasita kidogo, kisha anaachia kilo 229 zimkalie mtu kifuani. Mjomba alikuwa anasimamisha picha hapohapo, kabla hajatua, halafu anakwenda kukoroga chai.

Mtaa mzima ulimwita mjomba Yokozuna. Alikuwa mbeba mizigo kwenye soko la nafaka la Tandale, na unene wake ulikuwa mtaji. Serikali ilishapiga marufuku lumbesa, lakini marufuku haibebi gunia, na likija gunia lililoshindiliwa mahindi mpaka likaota kichwa juu ya mshono, aliitwa yeye. Alikuwa analichukua mgongoni bila kusema neno, anatembea taratibu, vidole vya miguu vimetanuka kwenye kandambili. Siku moja mwanafunzi mwenzangu alinicheka kwamba mieleka ni maigizo. Nikamfikishia mjomba shtaka. Akafikiri, akajibu: "Maigizo ni kweli. Lakini ule uzito nao ni maigizo?"

Baadaye, kwenye intaneti, nimekuta kwamba jibu lake halikuwa mbali na la wanamieleka wenyewe. Bret Hart, aliyepoteza mkanda wa ubingwa kwake Aprili 1993 baada ya kumwagiwa chumvi machoni, amemsifu zaidi ya mara moja kama mmoja wa watu wakubwa bora aliowahi kupigana nao. Sifa ile si ya nguvu. Ni ya kujua kumkalia mtu bila kumuumiza. Mikono ya mjomba wangu ilikuwa hivyohivyo. Hakuwahi kulibwaga gunia, alikuwa analilaza.

Sasa sukari. Sitaisimulia sana, kila nyumba inayo hadithi yake. Kidonda kidogo kwenye unyayo, kandambili, miezi mitatu ya kusema kitapona. Ninachokumbuka vizuri ni mzani. Kwenye zahanati moja mzani uliishia kilo 150, mshale ukagonga mwisho ukakaa. Muuguzi, mama wa watu, akaona haya kuliko sisi. Tukarudi sokoni, tajiri wake akamwambia apande kwenye mizani ya nafaka, na makuli wenzake wakasogea kuangalia. Kilo 171. "Wamenipima kama lumbesa," mjomba akasema, na soko zima likacheka, na mimi nikacheka. Kwenye bajaji ya kurudi hakuna aliyecheka. Januari mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti.

Yokozuna naye alibebwa kama mzigo. Aprili 1996, kwenye hadithi ya ulingoni, mpinzani wake Vader alimwangukia mguuni, na wakaja kumtoa kwa foklifti. Mashine ya ghalani ikamnyanyua mbele ya watu na kamera. Agosti mwaka huo alipanda kona afanye kile kitu chake, kamba ikaachia, akaanguka, akapigwa na Steve Austin kwenye pambano la kupashia watu moto kabla onyesho lenyewe halijaanza. Novemba akaonekana New York, na baada ya hapo WWF haikumrudisha tena kwenye skrini. Walishampeleka kwenye programu ya kupunguza uzito ya Chuo Kikuu cha Duke. Uzito ulizidi kupanda, na baadhi ya majimbo hayakutaka kumpa kibali cha kupigana. Kampuni iliyomnenepesha kwa matangazo, kila mwaka ikiongeza paundi kwenye kipaza sauti, sasa ikamwambia apungue.

Nilipopendekeza tumrudishe, nilidhani najua njia. Nilimwandikia mjomba, kwa sauti za WhatsApp, kurudi kwa namna hii: mwaka ni 1999, Rodney amekaa Duke mwaka mzima, amerudi na kilo 160, daktari amesaini, muziki wake wa Kijapani unalia, watu wanasimama, anapigana na Austin kulipa deni la ile kamba. Niliipamba kweli. Nilimpa hata kiuno.

Mjomba alisikiliza yote. "Huyo ni nani?"

"Yokozuna, mjomba."

"Hapana. Huyo umemleta wewe, mama. Mimi simjui." Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Yoko mwembamba amefanya nini ulingoni? Akimkalia mtu, huyo mtu anainuka anaondoka zake."

Nilikasirika, na nikajua nimekasirika kupita kiasi cha habari za mieleka. Nilipopitia simu yangu nikaona kwamba tangu Oktoba iliyotangulia nimemtumia ujumbe zaidi ya arobaini. Ugali kiasi cha ngumi. Usinywe soda. Mchicha. Tembea, wakati huo alikuwa bado anaweza kutembea. Hakuna hata mmoja uliomuuliza chochote. Yokozuna wangu wa kilo 160 alikuwa ujumbe wa arobaini na moja.

Nikajaribu njia nyingine, ya Akebono. Huyu alistaafu sumo mwaka 2001, na mwaka 2005 akaingia WrestleMania kupambana na Big Show kwa kanuni za sumo, akamtupa nje. Akaendelea na mieleka huko Japani, na 2013 akatwaa ubingwa wa juu wa All Japan, akiwa na miaka 44 na mwili uleule. Inawezekana, nikamwambia. Mjomba alimheshimu lakini hakumpokea. "Huyo alikuwa na cheo chake. Yoko alikuwa na jina la watu. Mwenye jina la kuazima harudi kwa mlango mmoja na mwenyewe."

Kuna kurudi kwa kweli ambako sijamwambia. Oktoba 10, 1999, Bay St. Louis, Mississippi, onyesho la wakongwe ambalo mashabiki wanalitaja mpaka leo kati ya mabaya kuliko yote. Rodney yumo. Mwenzake wa upande mmoja, Jake Roberts, hakuwa katika hali ya kupanda ulingoni, na pambano likabadilishwa njiani ili mradi limalizike. Nilimaliza bando la wiki nikiangalia. Amesimama kwenye kona, ameshika kamba, anahema. Hasiti tena kwa ajili ya watazamaji, anasita kwa sababu pumzi haijafika. Sikumtumia mjomba.

Yeye, baada ya wiki tatu za kukataa ya kwangu, alikuja na yake. Nilikuwa nimemsimulia mambo ya Oktoba 2000. Tarehe 9 mwezi huo Rikishi, binamu yake Rodney, alisimama ulingoni akakiri kwamba ndiye aliyemgonga Austin kwa gari mwaka uliotangulia, na kwamba alifanya hivyo kwa ajili ya The Rock, kwa sababu kampuni imewabania wana wa visiwani miaka yote. Wiki mbili baadaye Rodney akafa, yuko safarini Uingereza kupigana kwenye maonyesho madogo.

"Ngoja," mjomba akasema. "Imewabania? Na mkanda alioubeba binamu yake?"

Siku 280, nikamwambia. Kuanzia Juni 1993, alipompiga Hulk Hogan, mpaka Machi 1994.

"Basi hapo ndipo angeingia. Rikishi anaongea, anaongea, na huku nyuma Yoko anakuja. Hapigani. Analetewa kiti, anakaa chini ya ulingo. Ana ndoo ya chumvi, ile ya mzee wake. Rikishi akipigana, yeye yupo pale. Akizidiwa, chumvi." Nikasikia anacheka kwa mara ya kwanza tangu Januari. "Kukaa kwenye kiti nani atamnyima kibali?"

Nilikaa na toleo hilo wiki nzima, nikilitafutia kasoro, kwa sababu ndivyo tunavyofundishwa. Kasoro ni moja. Ili akae kwenye kile kiti lazima asiwe ameondoka kwenda Liverpool, na ili asiondoke lazima mtu ampigie simu kabla. Sipati picha ya nani angepiga.

Hapa niseme kidogo kuhusu tasnifu yangu, maana imeingilia. Naandika juu ya -nge- na -ngali-. Vitabu vya sarufi vinasema -nge- ni kwa jambo ambalo bado linaweza kuwa, na -ngali- ni kwa lililokwisha kupita na halirekebishiki. Angerudi, mlango uko wazi. Angalirudi, umefungwa. Watu wenyewe hawajali, wanazichanganya, na sura yangu ya nne yote ni mifano ya watu wakisema -nge- juu ya marehemu. Mjomba ni mmoja wao. Kwa ridhaa yake nimemrekodi dakika nyingi, na kuhusu Yokozuna hajawahi kusema -ngali- hata mara moja.

Niliisikia mwezi Mei. Tulikuwa tunazungumza habari za sokoni. "Ningalikuwa na mguu," akasema, kisha akaendelea na mambo ya bei ya mahindi. Kalamu ilikuwa mkononi. Huo ndio mfano niliokuwa nautafuta kwa mwaka mzima, safi, wa mzungumzaji anayetofautisha. Sikuuandika.

Mama alikuwa ameshaniambia jambo ambalo mjomba hakuniambia. Tajiri wake alikuja nyumbani mara mbili. Anataka mtu wa kukaa pale mlangoni mwa ghala, ahesabu magunia yanayoingia na kutoka, aandike kwenye daftari, na awatazame wabebaji wapya wasibwage mzigo. Mjomba alikataa mara zote mbili. Nikahesabu magunia ya wenzangu, alisema, kama mzee.

Jumapili iliyofuata nilimuuliza. Alinyamaza, nikasikia redio ya jirani.

"Mbona Yoko umemkalisha?" nikasema.

"Yoko alikuwa bingwa."

"Na wewe je, mjomba?"

Akaniambia niwasalimie wenzangu, akakata simu. Nilijilaumu wiki nzima. Mieleka ndiyo ilikuwa sehemu pekee ambayo mguu haujafika, na mimi nimeuingiza.

Jumapili ya jana sikupiga. Alipiga yeye, saa moja kamili, na hakungoja shikamoo.

"Kile kiti," akasema. "Kina mikono?"

Nilidhani anauliza kiti cha Yokozuna. Nikasema ni kiti cha kukunja cha chuma, vile vya pembeni mwa ulingo, havina mikono.

"Si hicho. Cha ghalani. Vile vya plastiki vyenye mikono vinanibana, na kimoja kilishawahi kupasuka watu wakiona. Mwambie mama yako amuulize tajiri. Kama ni cha mikono, aniwekee benchi."