Habari za kijiji: Bidoni tuliyomnyang'anya mtoto

Sisi wa kamati ya kijiji tumezoea kuwaletea hapa habari za kila mwezi: siku ya usafi, vyoo vilivyojaa, nani amejifungua. Mwezi huu tunaanza na jambo lililotokea bombani. Limezungumzwa sana kwenye foleni na sokoni, wengine wakiongeza chumvi. Afadhali mlisikie kwetu wenyewe, maana kosa lilikuwa letu.

Kiangazi mnakijua. Maji yanafunguliwa asubuhi na jioni, saa chache tu, na yanatoka kidogo kidogo. Mwezi uliopita robine mbili kati ya sita za bomba letu zilikuwa zimekufa. Basi watu wakaanza kupanga bidoni tangu usiku. Ukipita pale alfajiri unakuta mstari mrefu wa bidoni za njano, huyu amefunga kitambaa chekundu, yule ameandika jina kwa makaa ili isibebwe na mwingine. Bamama waligombana, ndoo zikapasuka, siku moja mama mmoja akapasuliwa mdomo. Ndipo tukakaa, tukatoa sheria: anayeruka mstari, bidoni yake inazuiwa mpaka maji yafungwe. Wengi mlitushukuru. Na sisi tukajiona tumefanya kazi.

Jumanne moja asubuhi, mtoto wa kike wa miaka kama 11 alipita pembeni na bidoni ya lita 10, akaja moja kwa moja mbele. Wawili wetu tulikuwa zamu. Tukamuuliza, akajibu: "Papa, mama ni mugonjwa tangu usiku. Maji imeisha mu nyumba." Watu wa nyuma wakapiga kelele: "Kila siku wanasema hivyo!" Na kweli, wiki ileile tulikuwa tumedanganywa. Mgonjwa tuliyempisha tulimkuta baadaye sokoni anauza mihogo. Basi tukashika sheria. Tukachukua bidoni ya mtoto, tukaiweka nyuma yetu.

Hakulia. Alikaa juu ya jiwe akatuangalia mpaka maji yakafungwa. Tukamrudishia bidoni yake, tupu.

Jioni jirani yao akaja mbio. Mtoto alikuwa ameshuka bondeni akachota maji ya kijito, na mama, kwa kiu ya kuhara usiku kucha, aliyanywa hivyohivyo. Kuni za kuchemshia hazikuwepo. Tulimkuta amelegea, macho yameingia ndani. Vijana wakambeba kwa baiskeli mpaka hospitali, akatundikiwa serumu siku mbili. Tunamshukuru Mungu, alipona, na waganga walisema haikuwa kipindupindu. Lakini sisi usingizi ulitukimbia.

Jamani, ni nani anayepaswa kujua habari ya maji kuliko sisi? Wengine wetu tulivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, tukitoka Fizi na Uvira, watoto mgongoni. Wengine walitoka Lugufu kambi ile ilipofungwa mwaka 2009, wakaanza upya hapa Nyarugusu. Na Mei 2015 tuliwapokea wenzetu wa Burundi. Walikuwa wamesongamana Kagunga, kijiji kidogo cha wavuvi ufukoni, kabla ya meli ya MV Liemba kuwabeba hadi Kigoma. Kipindupindu kiliwakuta huko. Maelfu waliugua kwa muda mfupi, na zaidi ya 30 walifariki. Wapo kati yetu waliowapokea waliposhuka kwenye mabasi. Tunajua kwamba mtu anayeharisha hangoji foleni. Tulijua, na bado tulimkalisha mtoto juu ya jiwe.

Halafu tulipiga hesabu ambayo tulipaswa kuipiga kabla ya kutoa sheria. Kipimo kinachotumika katika huduma za wakimbizi ni angalau lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku, za kunywa, kupika na kuosha. Nyumba ile ina mama na watoto watatu. Hizo ni lita 60, yaani bidoni tatu kubwa. Wao wana bidoni moja tu, ya lita 10. Hata wakipanga mstari vizuri kila siku, hawawezi kuweka akiba ya usiku. Sheria yetu ilikuwa sawa kwa wote, lakini nyumba hazikuwa sawa.

Tulikubaliana kwenda kuomba msamaha. Mama alikuwa amekaa mkekani, bado hana nguvu. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Miye nimesamehe. Lakini mumuombe mutoto, ni yeye mulimunyang'anya." Hapo tulitazamana. Mmoja wetu alinong'ona kwamba kwa desturi yetu muzee haombi radhi kwa mtoto. Tukatoka nje, tukabishana pale njiani kama watu wa foleni. Mwishowe mkubwa wetu kwa umri alirudi ndani akamwambia mtoto: "Tulikukosea. Utusamehe." Mtoto aliinamisha kichwa, halafu akauliza jambo moja tu: "Kesho nipange wapi?"

Tulikosa jibu. Usiku ule ndio tuliandika mpango mpya, na ndio huu.

Robine ya kwanza upande wa kulia ni ya wagonjwa na wanaowauguza, wazee, wajawazito na wenye ulemavu. Mtu akisema nyumbani kuna mgonjwa, anapewa maji kwanza. Tutapita kumwona mgonjwa jioni. Atakayekuwa amedanganya, tutasema naye mbele ya majirani, lakini maji atakuwa ameshapata. Bora tudanganywe mara kumi kuliko kumnyima mwenye shida mara moja.

Watoto wa shule watachota kabla ya saa moja asubuhi ili wawahi darasani. Na hakuna mtu wa kamati atakayeshika tena bidoni ya mtu. Anayeruka mstari anarudi nyuma, basi.

Robine moja imeshatengenezwa. Ya pili inasubiri kifaa, na mafundi wa maji wameshapewa taarifa. Mwenye bidoni ya ziada isiyovuja amletee kiongozi wa klasta yake. Tumeshapata nne, na ya kwanza, ya lita 20, mnajua imekwenda wapi.

Tunawakumbusha pia: mtu akianza kuharisha, usingoje. Chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa. Koroga, umpe kidogo kidogo huku mnampeleka hospitali. Bidoni zisuguliwe ndani kwa mchanga na maji, zisuuzwe vizuri, na vifuniko visipotee.

Habari nyingine: siku ya usafi ni Jumamosi ya kwanza, kila nyumba ilete mtu mmoja na jembe. Watoto watatu wamezaliwa kijijini mwezi huu, na mama zao wote ni wazima. Tunawapongeza.

Wale mliopiga kelele asubuhi ile, hatuwalaumu. Kelele ni zenu, lakini mkono uliochukua bidoni ni wetu. Mkiona tunakosea tena, msingoje habari zifike sokoni. Njooni mtuambie, hata kama anayesema ni mtoto.

Ni sisi, kamati yenu ya kijiji.