Gari la Umeme la Safu Tatu na Safari ya Mama Kwenda Rubavu

Bismillahir Rahmanir Rahim



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, tangu tulipoonekana pale Biryogo tukiteremka kwenye gari kubwa lisilo na mlio wala bomba la moshi, maswali hayajaisha. Wengine wameuliza kama mwalimu wa madrasa ametajirika. Hapana, gari ni la shemeji yetu, na tuliazimwa kwa siku mbili tu. Wengine wameuliza jambo la maana zaidi: je, gari kama lile linaifaa familia ya watu wengi katika nchi hii ya milima? Na baba mmoja mwenye watoto sita ametuambia kabisa kwamba anafikiria kulinunua kwa mkopo. Kwa hiyo tumeona tuandike tuliyoyaona.

Gari lenyewe ni Kia EV9, lililoanza kuuzwa mwaka 2023, na mwaka 2024 likachaguliwa kuwa Gari Bora la Mwaka la Dunia. Urefu wake ni mita 5 na sentimita 1. Lina safu tatu za viti, nalo lile la shemeji ni la watu saba: wawili mbele, watatu katikati na wawili nyuma. Betri yake imelazwa chini ya sakafu, nayo inabeba uniti 99.8 za umeme, yaani kilowati-saa. Kwa kuwa hakuna injini wala mhimili unaopita katikati, sakafu ni tambarare kama ya sebule, na anayekaa katikati hana haja ya kupanua miguu kukwepa nundu. Watoto wetu wawili walikaa safu ya nyuma bila kugombana, na wanaowajua watajua kwamba hilo si jambo dogo.

Sababu ya safari ilikuwa mama mkubwa, dada yake mama yetu, aliyekuwa mgonjwa Rubavu, amelala kitandani. Mama yetu hakuwa amemwona kwa muda mrefu. Magoti yake hayamruhusu kukaa saa tatu au nne kwenye basi akiwa amekunja miguu, na harufu ya dizeli humtapisha kabla hata ya kufika Shyorongi. Kila siku baada ya Alfajiri alikuwa akisema anaogopa dada yake azikwe hawajaonana. Shemeji aliposikia hayo akasema: "Mchukueni Mama kwa gari hili, na kijana wangu atawaendesha." Allah amlipe kheri.

Kupanda tu kulikuwa na kazi. Gari liko juu, na kwa mtu wa magoti mabovu ni lazima kigoda. Tuliweka kigoda cha jikoni mlangoni, Mama akakanyaga, akaingia safu ya katikati upande wa dirisha. Tukasoma dua ya safari, tukaondoka.

Sasa tuseme linavyokwenda. Mtu wa kwanza kupanda gari hili hudhani halijawashwa. Linaondoka kama mtu anayevuta zulia. Uzito wake ni zaidi ya kilo 2,500 likiwa tupu, lile lenye mota mbili, na bado mlima wa Shyorongi halikuuhisi. Malori yalikuwa yakikoroma kwa gia ya kwanza, sisi tukayapita pale inaporuhusiwa bila hata sauti kubadilika. (Tunaendelea kusema "kanyaga mafuta" ingawa mafuta hayamo. Lugha ina ukaidi wake.) Nguvu ya mota huja yote mara moja, haisubiri gia, na hapo ndipo kijana anapopata fitna. Gari zito kiasi hiki linafika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 6 au pungufu. Hakuna mwenye watoto nyuma anayehitaji jambo hilo, na kwenye barabara ile yenye kona na kamera halimfai mtu yeyote.

Lakini kabla ya kufika juu, Mama alishika kichwa. "Mjukuu wangu," akasema, "hili gari linanipepeta kama mchele kwenye ungo." Watoto wa nyuma nao walikuwa wamenyamaza, na wetu wakinyamaza ujue kuna jambo.

Hapa tuwaeleze, kwa sababu wengi hawalijui. Katika gari la umeme, ukiondoa mguu kwenye pedali ya kuongeza mwendo, mota inageuka kuwa jenereta. Inazalisha umeme, inaurudisha kwenye betri, na papo hapo inalipunguza gari mwendo. Katika gari hili dereva anaweza kuchagua nguvu ya kupunguza huko kwa vijiti viwili vilivyo nyuma ya usukani, kutoka sifuri, yaani linateleza tu, mpaka tatu, na juu ya hapo kuna namna ambayo gari linasimama kabisa bila kugusa breki. Vijana wanaipenda hiyo ya mwisho. Mpwa wetu alikuwa akiitumia, na kila alipolegeza mguu gari lilijizuia, kila alipokanyaga likaruka. Kwa anayeshika usukani ni raha, kwa mwili wake unajua kinachokuja. Anayekaa nyuma mwili wake haujui.

Tukamwambia aishushe mpaka moja. "Sawa, mjomba," akasema, akabofya. Tangu hapo mpaka Musanze Mama hakulalamika tena, na karibu na Gakenke alikuwa anatuhesabia mashamba ya ndizi. Basi kwa wanaouliza, ushauri wetu wa kwanza ni huu: ukilijaribu gari la namna hii dukani, usikae mbele. Mpe mwingine usukani, wewe kaa safu ya tatu nusu saa kwenye milima, ndipo useme unalijua.

Musanze tulisimama tukaswali Adhuhuri na Alasiri, kasri na kukusanya, kisha tukaendelea kupanda. Maeneo ya Mukamira ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ziwa Kivu liko mita 1,460 tu, kwa hiyo kutoka hapo ni kuteremka. Tuliondoka Kigali betri ikiwa asilimia 96. Mukamira ilikuwa 64. Tulipofika Rubavu ilikuwa 66. Watoto walishangilia wakidhani ni muujiza. Tukawapigia hesabu kwenye karatasi, maana somo likija lenyewe haliachwi: gari na watu wake ni kama kilo 3,000, na kuzipandisha mita 1,000 kunataka uniti 8 za umeme na kidogo. Hizo hazipotei zote. Ukiteremka, sehemu kubwa inarudi, badala ya kuishia kwenye breki kama moto. Ndiyo maana breki za magari haya hudumu. Na ndiyo maana anayekaa juu ya kilima asijaze betri mpaka 100, kwa sababu ikijaa haina pa kupokelea umeme wa mteremko wa asubuhi.

Kwenda na kurudi tulitumia asilimia 62, kama uniti 62, kwa kilomita zipatazo 310, na hatukuchaji njiani. Kuchaji ni nyumbani usiku. Lakini tusidanganyane: kwa soketi ya kawaida ya ukutani betri hii tupu itachukua karibu siku mbili kujaa. Shemeji amefunga chaja maalumu ukutani, na fundi akalazimika kubadilisha nyaya za nyumba. Anayepanga nyumba aulize mwenye nyumba kwanza. Tena mdomo wa kuchajia wa magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani au Korea si sawa na wa yale ya Ulaya, basi anayeagiza aangalie vituo vya kwake vina waya gani kabla ya kutuma pesa. Na lile tulilopanda halina tairi la akiba, lina dawa ya kuziba na pampu tu. Kwa barabara ya lami ya Musanze ni sawa. Kwa barabara za mawe za huko ndani, hatukupenda.

Jambo jingine ni ukimya. Kwenye mwendo mdogo gari hili hutoa sauti ya kutengenezwa ili waendao kwa miguu wasikie, lakini katika vichochoro vyetu, watoto wakitoka madrasa na juzuu vichwani, sauti ile inamezwa. Tunawaomba wenye magari haya wapite pale polepole kuliko wanavyodhani inatosha.

Ama yule baba wa watoto sita. Ni kweli kuwa imepokewa hadithi inayohesabu kipando kizuri miongoni mwa mambo ya furaha ya mtu, na ni kweli kuwa mwaka 2021 serikali ya Rwanda iliyasamehe magari ya umeme kodi ya VAT na ushuru wa forodha. Lakini gari hili lilipoingia Marekani bei yake ilianzia dola 54,900, kabla ya meli na njia. Kulichukua kwa mkopo wa riba ni kulipanda kwa vita na Mola wako, na hapo hatuna maneno mapya ya kusema. Mwenye pesa halali na familia ya kulijaza, alinunue na ashukuru. Mwenye watoto wawili anajitafutia israfu: atabeba tani mbili na nusu za chuma kwenda kununua mkate. Na mwenye watoto sita asiye na pesa hiyo, Hiace ya mtumba bado inafika Rubavu.

Mama alifika hajatapika. Aliteremka kwa kigoda chake, akaingia chumbani kwa dada yake, akatuomba tufunge mlango. Walikaa humo mpaka Magharibi. Hatujui walizungumza nini.

Mama mkubwa alirejea kwa Mola wake wiki tatu baadaye. Siku hiyo gari lilikuwa na shemeji upande wa Huye, nasi tulikwenda mazishini kwa basi. Mama hakwenda. Alisema yeye na dada yake walikwisha agana. Tunaomba mumuombee marehemu maghfira.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.