Maneno Matatu Niliyoyakwangua

Wahenga wa pwani waliposema kwamba ukiona vyaelea vimeundwa, bila ya shaka walikuwa wakitazama majahazi. Sisi watu wa visiwani jambo hili tunalijua tangu utotoni. Chombo kilipotia nanga, mzee aliyekaa barazani hakutosheka kuuliza kimebeba nini, wala nahodha wake ni nani. Aliuliza kimeundwa wapi, na kwa mkono wa fundi gani. Lakini chombo kikiwa si cha baharini, kikiwa kimetujia kutoka mbali ndani ya sanduku, suali hilo hutupotea. Tunatazama jina lililoandikwa mbele, tukalisujudia au tukalicheka, na kazi ya fundi ikapita kimya. Mimi nilifanya zaidi ya hayo. Mimi nilichukua wembe.

Mwaka 1998 kaka yangu alirejea Unguja kutoka Maskati, alikokuwa akifanya kazi ya udereva kwa miaka sita. Televisheni aliileta, kama ilivyotarajiwa, lakini alichokibeba mwenyewe mkononi, asimruhusu mchukuzi kukigusa, kilikuwa ni sanduku refu jeusi. Ndani yake mlilala gitaa la umeme, jekundu kama shokishoki mbivu. Kichwani, kwa mbele, lilikuwa na jina la Kimarekani ambalo kila mpigaji analijua. Nyuma ya kichwa palikuwa na safu ya nambari, na chini yake, kwa herufi ndogo zisizojigamba, maneno matatu ya Kiingereza: Made in Korea.

Kikundi chetu cha taarab cha mtaani wakati ule kilikuwa na fidla mbili, akodiani, udi, dumbaki, na kinanda cha umeme ambacho vidole vyake vitatu vilikuwa vimekufa. Jioni ya kwanza kaka alipolileta gitaa lake mazoezini, mpiga besi aliligeuza, akasoma nyuma, akacheka.

"Kaka, miaka yote hiyo ya Maskati, ukatuletea la Korea?"

Mwengine akadakia kwamba la Korea huimba mpaka masika ya mwanzo tu, kisha huota uyoga. Kaka hakujibu. Alichomeka waya, akapiga. Nakumbuka kwamba aliyecheka alinyamaza, lakini mimi sikukisikia kile kimya. Nilikuwa bado nimeshikwa na kile kicheko. Nilikuwa na miaka 19, naandika mashairi, na aibu ya watu wa nyumbani kwetu nilikuwa naiona kuwa ni yangu.

Siku chache baadaye kaka alipotoka, nilitoa wembe katika kile kikopo chake cha kunyolea ndevu, nikakaa dirishani, nikayakwangua maneno yale. Vanishi ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Nilipomaliza, maneno yalikuwa yameondoka, na nambari zimeondoka pamoja nayo, na mbao nyeupe imebaki wazi kama goti lililochubuka. Kaka aliporudi alipitisha kidole gumba mahali pale mara mbili. Nilijitayarisha kwa kofi.

"Mdogo wangu," akasema, "sasa watasema nimeliiba."

Basi. Hakulizungumza tena. Alilipiga gitaa lile kwa miaka 18.

Na sasa niliseme gitaa lenyewe, kwa sababu kulihurumia si sawa na kulijua. Halikuwa kamilifu. Kwa mwaka wa pili kitufe cha kupandisha sauti kilianza kukwaruza kila kilipoguswa, kama mtu anayekohoa katikati ya wimbo. Kabla ya mwaka wa tatu swichi ilikufa. Funguo za kukazia nyuzi zilikuwa nyepesi, zikiteleza, na daraja lake la madini laini lilishikwa na kutu ya chumvi ya bahari, ingawa kwetu hata majembe yanashikwa. Fundi wa redio wa mtaani, mzee mmoja aliyeamini kwamba kila kitu chenye waya ni redio, alilifungua kifua. Ndipo tulipoona kwamba mwili wake haukuwa gogo moja la mbao bali plaiwudi, matabaka juu ya matabaka yaliyogundishwa. Mpiga besi angelijua, angelicheka upya. Fundi yeye alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Hii haitapinda," alisema. Na kweli haikupinda. Udi wa kikundi, ulioundwa kwa mbao nzuri na nyembamba, kila masika ulikuwa mgonjwa. Lile pande la plaiwudi lilikaa kama lilivyokaa siku ya kwanza.

Fundi alitoa vile vitufe vibovu akatia vyengine alivyovichomoa katika redio kuukuu, maana kipimo chake kilikuwa kilekile. Chini ya nyuzi, zile sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, ambazo wapigaji huziita pikapu, zilikuwa za aina rahisi, sumaku ya udongo uliochomwa iliyobandikwa chini ya misumari sita ya chuma. Sauti yake ilikuwa kali, yenye makali ya juu kupita kiasi. Kaka aliitiisha kwa kupunguza kitufe kimoja na kwa kupiga karibu na shingo.

Lakini shingo! Hapo ndipo nisipoweza kupapita haraka. Gitaa, tofauti na udi, lina vile vijiti vya chuma vilivyopandwa shingoni, freti, vinavyoikata sauti katika nusu zake na kukataza kilicho baina yake. Taarab yetu, iliyolelewa na maqamu za Kiarabu, inaishi huko huko baina. Mpigaji wa gitaa anayetaka kuifikia robo ile iliyokatazwa hana njia ila kuuvuta uzi kwa pembeni, juu ya freti, mpaka sauti ipande kidogo, isipande sana. Freti moja ikiwa juu ya mwenzake hata kwa unene wa ukucha, uzi ukivutwa hugusa usipotakiwa kugusa, na sauti hukatika katikati ya kilio. Katika gitaa la kaka haikukatika. Uzi wowote, freti yoyote, vuta utakavyo. Ncha za freti zilikuwa zimelainishwa zisikwaruze kiganja, na chuma kilichofichwa ndani ya shingo kuizuia isipinde kilikuwa kikitii ufunguo kila kilipohitajiwa. Baadaye niliwahi kushika magitaa ya bei mara tano yake yasiyokuwa na shingo kama ile.

Nilichukua muda mrefu kuelewa maana yake. Kilichokuwa rahisi katika gitaa lile ni vile vitu vinavyonunuliwa kwa kilo: vitufe, swichi, sumaku, madini ya daraja. Vitu hivyo fundi wa redio alivibadilisha kwa fedha ya samaki wa siku mbili. Kilichotaka mkono wa mtu, macho yake, na subira yake ya kuinama juu ya freti zaidi ya 20 moja baada ya moja, hicho hakikuwa rahisi hata kidogo. Kililipwa rahisi, na hilo ni jambo jengine.

Nilipoanza kusoma habari za vyombo hivi ndipo nilipojua mikono ile ilikuwa wapi. Korea ya Kusini iliingia katika kazi ya ala za muziki kwa mlango wa piano: Young Chang ilianzishwa mwaka 1956, Samick mwaka 1958, nchi ikiwa bado inafukia makaburi ya vita. Magitaa yalifuata. Kampuni ya Cor-Tek, inayojulikana kwa jina la Cort, ilianza mwaka 1973, na mji wa bandari wa Incheon, magharibi ya Seoul, ukawa moja ya makao makubwa ya kazi hii. Katika miaka ya 1980 yeni ya Japani ilipanda thamani, na Wamarekani waliokuwa wakiunda magitaa yao ya bei nafuu Japani wakatafuta pengine. Squier, jina la bei nafuu la Fender, lilihamia Korea kuelekea mwisho wa muongo ule. Epiphone, lililo chini ya Gibson, nalo lilikwenda, na sehemu kubwa ya kazi yake ikafanywa na Samick. Kiwanda kimoja kiliweza kuunda magitaa ya majina kadhaa yanayoshindana madukani. Jina la kiwanda lenyewe halikuwekwa mbele.

Mwaka 1987 wafanyakazi wa Korea waligoma karibu nchi nzima, na baada ya hapo mishahara yao ikaanza kupanda. Wenye viwanda nao wakaanza kutazama kusini: Samick ilianzisha kiwanda Indonesia mwaka 1992, na Cort ikafuata katika muongo huohuo, huko Surabaya. Kisha mwishoni mwa 1997 fedha ya Korea ikaanguka. Dola moja, iliyokuwa ikibadilishwa kwa won zisizofika 900 mwanzoni mwa mwaka ule, ilikaribia won 2,000 mwezi wa Disemba. Kaka alinunua gitaa lake miezi michache baadaye, na alikuwa akipenda kusimulia jinsi alivyomuuliza muuzaji bei mara tatu, akidhani amesikia vibaya.

Mwaka 2001 PRS, kampuni ya Marekani inayosifika kwa magitaa ya bei kubwa, ilitoa magitaa yake ya mwanzo ya SE, yaliyoundwa Korea na kubeba jina la Santana. Kicheko kikaanza kupungua. Watu walianza kukiri kwamba la Korea linaweza kupanda jukwaani bila ya kuomba radhi. Leo kuna wanaoyatafuta magitaa ya Korea ya miaka ile kwa makusudi, wakisoma nambari za nyuma ya kichwa kama tunavyosoma nasaba: herufi S ya mwanzo kwa Samick, U kwa Unsung, na nyengine.

Lakini sifa hii haikuwakuta wote kazini. Mwaka 2007 Cort iliwaachisha kazi wafanyakazi wake wa Korea na viwanda vya Incheon na Daejeon vikafungwa. Magitaa yakaendelea kuundwa kwengine. Wafanyakazi walikataa kuondoka. Walikwenda mahakamani, walipiga kambi, walisafiri mpaka Frankfurt na California kwenye maonyesho ya ala za muziki, wakasimama na mabango yao pale ambapo kazi ya mikono yao ilikuwa ikitundikwa ukutani na kupigiwa makofi. Mpiga gitaa wa Marekani Tom Morello aliwaunga mkono. Baadhi yao waliunda bendi. Walikuwamo walioyaunda magitaa kwa miaka bila ya kujua kuyapiga, wakajifunza baada ya kufukuzwa. Mgogoro ulimalizika Aprili 2019, baada ya siku 4,464. Nimeizidisha na kuigawa hesabu hii mara nyingi, na kila mara inanipa miaka 12 na ziada.

Wasomaji wa kurasa hizi, ambao wengi wenu mnatunga, mtaniruhusu nirudi nyumbani kidogo. Mimi nimewahi kuutungia wimbo mwimbaji mmoja. Beti saba, vina vya kati na vya mwisho, wiki tatu za usiku. Uliimbwa harusini, watu wakatunza, noti zikapepea, na mshereheshaji akashika kipaza sauti akatangaza kwamba mwimbaji yule ametunga wimbo mtamu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya spika. Usiku ule sikulala. Nilimlaumu mshereheshaji, nikamlaumu mwimbaji, nikaandika barua ambayo sikuituma. Nilijiona mtu niliyeibiwa. Katika hasira zangu zote zile, gitaa la kaka lilikuwa limetundikwa ukutani mbele yangu, kichwa kimegeukia ukuta, na haikunipitikia hata mara moja kufikiri kwamba kuna mtu Incheon, au popote palipokuwa, ambaye mimi nimemfanyia lilelile. Yeye hata wimbo wake haukutajwa kwa jina lake. Yalikuwapo maneno matatu tu ya kuonyesha nchi yake, na nikayaona mengi.

Kaka alifariki mwaka 2016. Gitaa alilirithi mwanawe, ambaye sasa analipiga kwenye kikundi chake, na hupiga vizuri, akiuvuta uzi kama baba yake ingawa hakufundishwa. Vitufe ni vyengine tena, pikapu ni nyengine, daraja limebadilishwa mara mbili. Shingo ni ileile. Mwezi uliopita alinijia nalo nyumbani, akakaa dirishani palepale, akawasha taa ya simu yake na kuishika kwa ubavu nyuma ya kichwa cha gitaa ili kivuli kionyeshe kilichobaki. Kimebaki kidogo sana: mkia wa herufi moja, na labda namba saba, labda moja.

"Ami," akaniambia, "nataka kujua ni kiwanda gani. Kila mtu ananiuliza. Baba aliniambia lilikuja hivi hivi kutoka dukani."

Nikamwomba azime taa. Nikamwambia kwamba halikuja hivyo, na kwamba wembe ulikuwa wa baba yake, na mkono ulikuwa wangu.