Ngoja, Mwanangu, Linakuja

Kwa muda wa miezi minne nyumbani kwetu Nakuru neno lilikuwa moja tu: ngoja. Ukiomba viatu, ngoja. Ukitaja pesa za chakula cha mchana shuleni, ngoja kidogo. Na aliyelileta neno hilo nyumbani si mwingine ila mimi ninayeandika makala haya.

Babangu ni dereva wa teksi. Mwezi wa Machi mwaka 2025, nilipokuwa Kidato cha Pili, gari lake kuukuu lilimfia njiani akitoka Naivasha na abiria watatu. Gia ziligoma, moshi ukafuka, abiria wakashuka wakidai nauli yao. Fundi alilizunguka gari guu mosi guu pili kisha akamwambia Baba waziwazi kwamba kulitengeneza ni kutupa pesa. Likauzwa vyuma. Siku ile Baba alirudi nyumbani kwa miguu, ufunguo ungali mfukoni, na hakuna aliyethubutu kumwuliza neno.

Alikuwa na akiba kwenye chama cha akiba na mikopo, na angeweza kukopa anunue gari jingine la petroli lililotumika, kama wafanyavyo wenzake wa steji. Hapo ndipo nilipojitia kimbelembele. Muhula ule tulikuwa tumetembezwa Olkaria na mwalimu wetu wa Jiografia. Tuliona mvuke ukitoka ardhini ukipita kwenye mabomba makubwa kama madaraja, nao unazungusha mitambo ya kutoa stima tangu mwaka 1981. Nilirudi nyumbani kichwa kikichemka kama mvuke wenyewe. "Baba," nikamwambia, "kwa nini tununue petroli ya Arabuni na moto tunao hapa chini ya miguu yetu? Nunua gari la stima."

Baba alicheka. Lakini mjomba wangu hufanya kazi na wakala wa kutoa magari bandarini Mombasa, na Baba alipompigia simu kwa mzaha, Mjomba hakucheka. Alisema magari ya aina ya Nissan Leaf kutoka Japani yamo melini pamoja na mengine, na kwamba tangu mwaka 2019 ushuru wa bidhaa kwa magari ya stima ulipunguzwa kutoka asilimia 20 hadi asilimia 10. Akataja bei: milioni moja na laki nane hivi. Akaongeza neno lililotuponza. "Shemeji, msiwe na haraka. Bajeti ya Juni yaja, huenda ushuru ukashuka tena. Na yanakuja mapya yenye betri kubwa. Ngojeni."

Nami nikafungua daftari la Hisabati kurasa za nyuma. Gari la Baba lilikuwa likienda kilomita 120 kwa siku mjini, na kila lita ilikuwa ikimpeleka kilomita 12. Hizo ni lita 10. Petroli wakati ule ilikuwa kama shilingi 180 kwa lita, basi ni shilingi 1,800 kila siku. Gari la stima huenda kama kilomita 6 kwa yuniti moja. Kilomita 120 ni yuniti 20, na kwa tokeni zetu za nyumbani yuniti moja ilikuwa kama shilingi 28. Shilingi 560! Kila siku Baba angebaki na 1,240 mfukoni. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 32,240. Macho yalinitoka pima. Nilimpelekea Baba daftari kama mtu apelekaye zawadi, naye akalitazama sana, akasema, "Basi tutangoja."

Mama hakulitazama. Alikuwa akichambua sukuma wiki za kibandani. Alisema tu, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Baba akamjibu kwamba subira huvuta heri. Tangu siku hiyo methali hizo mbili zikawa kama wakewenza ndani ya nyumba yetu.

Ili tule, Baba alichukua gari la mtu. Mwenyewe alitaka shilingi 1,500 kila jioni, mvua inyeshe jua liwake, abiria wawepo wasiwepo. Petroli ni juu ya Baba. Alikuwa akiondoka saa kumi za alfajiri na kurudi tumelala. Siku nyingine nilimsikia akihesabu sarafu gizani ili asituamshe.

Juni ikaja, ikapita. Bei aliyotajiwa Mjomba haikushuka hata shilingi. Mwezi huohuo kampuni ya Nissan ikaonyesha ulimwengu Leaf mpya ya kizazi cha tatu, nami nikaona picha yake kwenye simu ya rafiki yangu. Nilipomweleza Mjomba alicheka hadi akakohoa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, lakini hata hilo jipya lazima kwanza linunuliwe na Mjapani, alichoke, aliuze. "Mpaka litue hapa bandarini kwa bei ya babako," akasema, "wewe utakuwa umeshamaliza chuo." Kumbe tulikuwa tukingoja gari ambalo hata mwenye kulitumia kwanza bado hajalinunua!

Basi tukaamua kwenda kuliona lililopo. Jumamosi moja Baba alinichukua hadi Nairobi, ambako mtu mmoja alikuwa akiuza Leaf ya zamani, ya betri ya yuniti 24, kwa bei nafuu. Ilikuwa nyeupe, safi, haina hata mkwaruzo. Baba aliliwasha, likawa kimya. Akaliwasha tena akidhani halijawaka. Muuzaji akacheka. Tulizunguka mtaa mzima, na nakwambia msomaji, sijawahi kumwona Baba akitabasamu vile kwenye usukani. Alipoinua mguu kwenye mteremko, mota ikageuka jenereta na kurudisha stima kwenye betri, naye akapiga kelele kama mtoto, "Linanilipa! Linanilipa!"

Lakini mimi nilikuwa nimesoma. Pembeni mwa kioo cha mizani kuna vistari 12 vinavyoonyesha uzima wa betri, si kujaa kwake. Cha kwanza huanguka betri ikiwa imepoteza karibu asilimia 15 ya uwezo wake. Nikavihesabu kwa kidole. Vilikuwa 8. Muuzaji alisema limechajiwa pomoni, na mbele ya Baba palikuwa pameandikwa kilomita 96. Kutoka Nairobi hadi Nakuru ni kama kilomita 160. Lisingetufikisha hata nyumbani kwetu siku ya kulinunua. Nilimnong'onezea Baba. Tabasamu likaondoka usoni mwake taratibu, akazima gari, akamshukuru mwenyewe kwa heshima. Nilijichukia kidogo.

Njiani, ndani ya matatu, alinikumbusha jambo ambalo halikuwamo daftarini mwangu. Ile ya betri ya yuniti 40, karatasi ya Kijapani husema inakwenda kilomita 400, lakini kipimo cha Kimarekani kwa gari lilelile ni kilomita 243. "Sasa mimi niamini karatasi gani?" akauliza. Mara mbili kwa wiki yeye hupeleka wateja Nairobi na kurudi, na barabara hupanda ukuta wa Bonde la Ufa baada ya Naivasha. Nilimwambia aamini ya Kimarekani, kisha apunguze. Akanyamaza hadi Gilgil.

Kisha kulikuwa na mwenye ploti. Tunakaa nyumba za kupanga, na gari la namna hiyo kwa soketi ya kawaida huchukua kama saa 9 kupata yuniti 20. Usiku kucha, waya umepitishwa dirishani hadi uani penye watoto na mvua. Mwenye ploti alisema hapana hata kabla Baba hajamaliza sentensi. Sikumlaumu sana. Sote twakumbuka Agosti 25 mwaka 2023 nchi nzima ilipolala gizani. Siku kama hiyo ingemkuta Baba na betri tupu, angefanya nini?

Mwezi wa Julai tulifukuzwa shuleni kwa sababu ya pesa za chakula. Nilifika nyumbani saa tano mchana, nikaketi kitandani na daftari lile. Sijui ni kwa nini nililifungua. Hesabu yangu nzuri ilikuwa palepale, 32,240, nimeipigia mistari miwili. Kwa hasira nikaandika chini yake ile 1,500 ya kila jioni. Mara siku 26 ni shilingi 39,000. Mara miezi minne ni shilingi 156,000. Nilirudia mara tatu nikitumaini nimekosea. Tulikuwa tumelipa laki moja na nusu na zaidi ili kungoja, na lingekuja hilo gari la stima kesho yake, ingetubidi kuliendesha karibu miezi mitano ndipo turudi pale tulipokuwa mwezi wa Machi. Nilikuwa nimehesabu faida ya gari. Bei ya kungoja sikuiandika popote.

Kumwonyesha Baba ndiyo iliyokuwa kazi. Nilijikaza kisabuni. Nilingoja ale kwanza, kisha nikaweka daftari kando ya kikombe. Alisoma. Chai ikapoa ikafanya ngozi.

"Hata mkopo hulipwa kila mwezi," akasema mwishowe.

"Ndiyo, Baba. Lakini mkopo una mwisho."

"Kumbe nimemnunulia yule mtu magurudumu manne na kiti cha nyuma," akasema, akacheka kicheko kisicho na furaha. Nilimwomba msamaha. Aliniambia yeye ndiye mwenye leseni, si mimi.

Mama alikuwa macho chumbani. Nilidhani atatoka na methali yake. Hakutoka.

Mwezi wa Agosti Baba alinunua gari la petroli, la mtumba wa hapahapa, kwa mkopo wa miaka miwili. Lina rangi ya kijivu na mlango mmoja hauna sauti nzuri. Chamani mwetu, tulipojadili hoja ya subira, nilisimama upande wa kupinga, na mwenzangu wa upande wa pili akaniuliza kama sisi tusingengoja kamwe, hata betri zikishuka bei. Nilishindwa kumjibu, nikaketi. Mwalimu akampa yeye alama.

Jumapili iliyopita tulikuwa tukiliosha gari uani. Baba alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu, na mwenye ploti akapita. Walisalimiana. Nikamsikia Baba akimwuliza, kama mtu asiyejali, kuweka soketi ya nje yenye mita yake kunaweza kugharimu pesa ngapi. Mwenye ploti akasema atauliza fundi. Baba akaendelea kusugua gurudumu, kisha bila kuniangalia akauliza, "Lile daftari bado unalo?"

Nikamwambia ninalo.