Mbwa Anayekuganda Kila Uendako

Najua msimu huu wa korosho ulitarajia niandike juu ya kuanika na madaraja. Hayo yatakuja. Leo naomba tuzungumze habari za mbwa, kwa sababu kuna swali ambalo nimeulizwa mara nyingi, kuanzia Mnero na Naipanga hadi Mandawa na Ruangwa mjini: "Bwana shamba, mbwa wa aina gani anampenda mwenyewe kuliko wote, yule asiyebanduka miguuni?"

Anayeuliza huwa ni mwenye duka, au mnunuzi wa ufuta anayelala na fedha ndani. Anataka mlinzi asiyehongeka kwa kipande cha nyama. Nia ni nzuri, ila swali lina mtego, na mimi mwenyewe ulishawahi kuninasa.

Nianze na aina, maana ndicho ulichokuja kusoma. Mbwa waliozalishwa vizazi na vizazi ili wafanye kazi bega kwa bega na mtu ndio wanaomganda mtu. Jemani Shepadi, ambaye chama chake kilianzishwa Ujerumani mwaka 1899, alitoka kwa mbwa wa kuchunga kondoo, na mbwa wa namna hiyo jicho lake halimwachi mchungaji, anangoja ishara. Labrador alizalishwa kumwokotea mwindaji ndege waliopigwa risasi na kuwaleta mpaka mkononi. Wale wadogo wenye manyoya marefu unaowaona kwenye televisheni walizalishwa wakae na mtu tu, hawana kazi nyingine. Hao wote ukitoka wanalia, ukirudi wanakurukia.

Sasa sikiliza kilichompata rafiki yangu wa Nachingwea mjini, mnunuzi wa mbaazi na ufuta. Alimleta mtoto wa Jemani kutoka Dar es Salaam kwenye boksi, ndani ya basi, akiwa bado mdogo sana, pengine wiki tano. Yule mbwa alimganda kama ruba. Akienda chooni, mbwa mlangoni. Akisafiri kwenda mnadani, mbwa analia kutwa, anakwaruza mlango, na siku moja akararua magunia mawili ya ufuta. Usiku ambao mwenyewe hayupo, ambao ndio hasa ulihitaji ulinzi, mlinzi alijikunyata mlangoni akilia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Halafu rafiki yangu akaona heri awe anasafiri naye. Wakaenda vijiji vya pembezoni mwa mapori, kwenye mbung'o. Haikupita miezi miwili mbwa akakonda, akawa na homa, macho yakaingia ukungu mweupe. Ugonjwa wa nagana huwaua mbwa upesi, na hawa wa kizungu ndio kabisa. Kupe nao hawawaachi. Fedha aliyotumia ingejenga ukuta.

Simkatazi mwenye uwezo. Anunue, ila amtoe kwa mama yake akiwa ametimiza wiki nane, amzoeshe kubaki peke yake kidogo kidogo tangu wiki ya kwanza, na ajue kwamba mbwa wa kilo thelathini hashibi kwa ukoko wa ugali.

Kwa wengi wetu, mbwa wa kienyeji anatosha. Ameshazoea jua letu na chakula chetu. Na kuganda kwake unakutengeneza wewe. Mtu mmoja amlishe, atembee naye shambani, amwite kwa sauti ileile. Kufikia miezi mitatu atakuwa ameshaamua nani ni wake. Kwa sisi tunaochunga udhu, mlee nje tangu mwanzo, chombo chake kiwe chake na banda lake liwe mbali na mlango. Atakupenda vilevile bila kukurukia kanzu.

Nilipokuwa nimepangiwa kazi upande wa Ruangwa nilikuwa na mbwa wa namna hiyo, dume jekundu, jina lake Hayakuhusu. (Unajua majina ya mbwa wetu, aliyekusudiwa alikuwa jirani, siyo mbwa.) Hayakuhusu hakuwa mbwa wa kuganda. Mapenzi yake yalikuwa kukaa hatua kumi kutoka nilipo, mgongo kwangu, uso barabarani. Ukimpapasa anavumilia kidogo, kisha anaondoka. Shambani alikuwa hodari, ngedere na nguruwe pori walimjua. Msimu mmoja wa korosho alipigana na bweha mchana kweupe, akarudi na jeraha shavuni. Nilimsifu kwa majirani. Nikaliosha jeraha, likapona.

Yapata wiki sita baadaye alibadilika. Akaanza kuniandama. Nikikaa, anaegemeza kichwa pajani. Nikiingia ndani anaingia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na ananilamba mikono bila kuchoka. Wakati huo mikono yangu ilikuwa imebabuka kwa mafuta ya maganda, tulikuwa tunabangua korosho za nyumbani, na wewe unajua vidole vinavyokuwa. Mke wangu akasema, "Mbona huyu leo kakuganda?" Nikamjibu kwa majivuno kwamba amezeeka, sasa amemtambua baba yake.

Siku ya tatu hakula. Sauti ikawa ya kukwaruza, taya la chini likalegea, udenda ukamtoka. Mimi, mtaalamu mwenye cheti, nikasema kakwamwa na mfupa. Nikapiga goti, nikamshika kichwa, nikataka kutia mkono mdomoni kuutoa. Bibi jirani aliyekuwa anapepeta mbaazi aliacha ungo na kupiga kelele, "Wee mjukuu wangu, toa mkono! Huyo si mfupa huyo!" Alishawaona wa namna hiyo kabla mimi sijazaliwa.

Tulimfungia kwenye banda tupu, akafa kesho yake. Sampuli ilipelekwa maabara, na jibu likawa nililoliogopa: kichaa cha mbwa.

Ndugu msomaji, ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa mtu, hauna tiba. Ila kabla ya dalili kuna nafasi. Nilinawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha tukaenda kutafuta chanjo, mimi, mke wangu na mwanetu wa miaka sita ambaye naye alilambwa, tena ana kidonda gotini. Tulipofika mara ya kwanza dawa hakuna. Tukapanda gari kwenda kwingine. Sindano haziishi siku moja, unarudi tena na tena, na kila unaporudi kuna nauli. Gunia la mbaazi nililoweka la mbegu likauzwa. Usiku mke wangu alikuwa anaamka kumtazama mtoto anavyokunywa maji, kama anameza vizuri. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo lilinikaa moyoni kuliko lawama.

Maana kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyepita na kipaza sauti kutangaza chanjo ya mbwa ya mwaka ule. Siku yenyewe Hayakuhusu alikuwa shambani. Nikasema huyu ni wa kwangu, nitamchanja baadaye.

Tuna habari ndefu na ugonjwa huu huku kusini. Kati ya mwaka 2010 na 2015, Lindi na Mtwara ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoingizwa katika mradi mkubwa wa kutokomeza kichaa cha mbwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, mbwa wakachanjwa kwa maelfu. Lengo linalotumika ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, kila mwaka, kwa kuwa wanaozaliwa hawana kinga na waliochanjwa wanakufa. Na kwetu kuna jambo ambalo maeneo mengi hayana: bweha wanahusika sana kuueneza. Kwa hiyo mbwa wako akipigana na bweha, usifanye kama mimi. Toa taarifa siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo na hata kama mbwa ameshawahi kuchanjwa. Jeraha linaweza kupona kabisa, na ugonjwa ukatokea wiki au miezi baadaye.

Ndiyo maana nasema lile swali lina mtego. Wengi tunamngoja mbwa mkali anayekimbia ovyo na kung'ata kila kitu. Wapo wa hivyo. Lakini wapo wanaopooza, na wapo wanaoanza kwa upole usio wao. Mbwa aliyekuwa anakuganda akianza kujificha uvunguni, mtilie shaka. Aliyekuwa na hamsini zake akianza kukuganda, mtilie shaka zaidi, kwa sababu huyo ndiye utakayemfurahia. Mfungie, usimshike mdomo, waite wataalamu. Akikulamba penye mchubuko au akikukwaruza kwa jino, nawa kwa sabuni robo saa nzima, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo. Usipake majivu wala mafuta ya taa, na ukianza sindano usikatize.

Sasa nina mbwa mwingine, jike, mtoto wa mbwa wa yule bibi. Huyu anaganda tangu mdogo, ndivyo alivyo, na ninamjua hivyo. Ana kadi yake ya chanjo, iko kwenye mfuko mmoja na kadi za kliniki za watoto.

Siku ya chanjo itakapotangazwa kijijini kwako, njoo na mbwa wote, hata wale wadogo ambao huwa mnawaacha nyumbani. Kamba ya katani inatosha. Na aje yule ambaye mbwa anamganda, hata kama siku hiyo anatakiwa kupima korosho chamani. Kila mwaka naletewa mbwa na mtoto wa miaka minane aliyetumwa na baba yake. Mbwa akiona sindano anamtafuta mwenyewe hamwoni, anamgeukia aliyeshika kamba.