Fungu la Mbwa

Lugha yetu ina utajiri wa majina ya vitu vilivyokwisha kutumiwa. Kipeperushwacho katika ungo ni makapi. Kitokacho kinuni ni pumba au wishwa. Kibakicho sahanini ni makombo. Na kibakicho katika kifumbu baada ya nazi kukamuliwa tui ni machicha. Jina hili la mwisho ndilo lipewalo pia nafaka iliyokamuliwa pombe. Watu wasingalitunga majina mengi namna hii kama wasingalikuwa na shughuli na vitu vyenyewe. Machicha ya nazi hupewa kuku, pumba hupewa ng'ombe, na makombo, aghalabu bila ya kuangaliwa, hutupiwa mbwa. Insha hii ni juu ya fungu hilo la mbwa, na juu ya elimu impasayo yule alitoaye.

Nimezaliwa pwani, katika nyumba ambamo pombe haikuingia wala mbwa hakuvuka kizingiti. Mate ya mbwa yalipogusa chombo, chombo kilioshwa mara saba, mara moja kwa udongo, kama wafundishavyo wanazuoni wa Shafii. Hatukuwa wakatili. Mbwa mlinzi alipata chakula chake nje, kila siku, bila ya kusahauliwa. Walakini chakula hicho kilikuwa kile kilichokwisha kukataliwa na wote, na sikumbuki mtu aliyeuliza kama chamfaa mlaji. Sasa nafundisha Kiswahili katika mji wa Madison, jimbo la Wisconsin, Marekani, ambako wahamiaji wa Kijerumani wa karne ya 19 waliacha mazoea makubwa ya kupika bia. Jirani yangu, mzee aliyestaafu useremala, hupika bia nyumbani mwake, na kwa machicha yake huwaokea mbwa biskuti. Bia yake siionji. Machicha yake ndiyo yaliyonivuta.

Kazi hiyo haikuwa halali siku zote. Pombe ilipigwa marufuku nchini Marekani tangu 1920 hata 1933. Marufuku ilipoondolewa, mvinyo wa kutengenezwa nyumbani uliruhusiwa, lakini bia iliachwa nje ya ruhusa. Sharti zilipita zaidi ya miaka 40 ndipo Rais Jimmy Carter alipotia sahihi sheria mpya, Oktoba 1978, iliyoanza kutumika Februari 1979. Kwa sheria hiyo nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi yaweza kupika galoni 200 kwa mwaka bila ya kulipa ushuru wa serikali kuu, mradi isiuze. Basi majiko mengi yalipata bia, na kila jiko lililopata bia lilipata machicha.

Mpango wa kazi ni huu, nami namwomba msomaji aufuate kwa utaratibu wake, maana utaratibu ndio kiini cha maneno yangu. Shayiri huloweshwa ikachipuka, kisha hukaushwa ikawa kimea. Kwa lita 20 za bia mzee huponda kimea kiasi cha kilo 5. Hukitia katika maji ya moto wa nyuzi 66 hivi za Selsiasi kwa muda wa saa moja. Katika muda huo vimeng'enya vya kimea hugeuza wanga kuwa sukari. Maji matamu, ambayo kwetu tungaliyafananisha na togwa, huchujwa, na nafaka hubaki: haya ndiyo machicha. Baadaye tu ndipo maji yale huchemshwa pamoja na maua machungu yaitwayo hopsi. Na baada ya kupozwa ndipo hutiwa hamira, yakachachuka, yakapata kileo. Kwa hiyo machicha huaga chungu kabla ya uchungu na kabla ya ulevi. Yana maganda, nyuzinyuzi na protini ambayo maji hayakuichukua. Hayana kosa lolote.

Hopsi, kinyume chake, ni sumu kwa mbwa. Mwili wa mbwa aliyezila hupanda joto kwa ghafula, moyo humwenda mbio, pumzi humpaa, naye aweza kufa katika muda wa saa chache. Jirani yangu hakusoma habari hii kitabuni. Mbwa wake wa kwanza, wa jamii ya wale wembamba wa mbio, ambao hudhuriwa zaidi, alifukua jaani masimbi ya hopsi yaliyochemshwa, akayala kwa sababu yalinukia utamu wa kimea. Magharibi alikuwa akihema kando ya mlango. Alfajiri alikuwa amekwisha kufa. Mzee huyo hanung'uniki mbele ya watu. Lakini tangu siku hiyo ana ndoo mbili, na ndoo ya hopsi ina kifuniko chenye kufuli. Nilipoiona kufuli hiyo juu ya takataka nilifahamu kuwa huruma yaweza kuwa na umbo la chuma.

Wala mtu asidhani kuwa machicha yote ni mamoja. Busaa, mathalani, ipikwayo magharibi ya Kenya, huchachuka pamoja na unga wake na kimea chake, ndipo huchujwa. Machicha yake yametoka katika kileo, nayo yamebeba kileo. Jina ni moja, rangi yaweza kufanana, lakini historia mbalimbali. Na tumbo la mbwa halisomi jina, husoma historia.

Upishi wa biskuti wenyewe ni mwepesi. Vikombe 4 vya machicha yaliyokamuliwa maji, vikombe 4 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha siagi ya karanga na mayai 2 hukandwa pamoja, husukumwa na kukatwa vipande. Huokwa kwa nyuzi 175 muda wa nusu saa, kisha huachwa katika joto la nyuzi 105 kwa saa nyingi mpaka vikauke kabisa. Siagi ya karanga huchunguzwa kwanza, kwa kuwa nyingine hutiwa zailitoli, kitu kitamu kisichomdhuru mtu lakini kimshushiacho mbwa sukari ya damu na kumharibia ini. Zabibu, vitunguu na chakleti havikaribishwi. Na hata biskuti njema ni kitoweo cha furaha tu: waganga wa wanyama hushauri zisizidi sehemu 1 katika 10 ya chakula cha siku.

Wahenga walisema akiba haiozi. Machicha mabichi huoza. Siku ya pili yamekwisha kuchachuka, ya tatu yana ukungu. Moto na subira ndivyo viyageuzavyo kuwa akiba.

Najua swali lililo moyoni mwa msomaji, kwa sababu lilikuwa moyoni mwangu. Je, si aibu kumwokea mbwa biskuti katika dunia yenye watoto wenye njaa? Sitaki kulikimbia. Machicha ni bure, lakini unga, karanga na mayai ni chakula cha watu, na asemaye kuwa biskuti hizi hazigharimu kitu hasemi kweli. Walakini mzee huyo hutia sehemu ya machicha katika mkate wake mwenyewe, na viwanda vikubwa vya bia, kwetu na kwao, hutoa machicha yao kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mbwa hakumpokonya mtu. Amepewa kidogo katika kingi. Njaa ya mtoto haisababishwi na biskuti ya mbwa, wala haitaondoka kwa kumtupia mbwa kitu kitakachomwua.

Mwanadamu alimfunga mbwa kwa mapatano ya kale: yeye alinde, nasi tulishe. Mbwa hawezi kukagua malipo yake. Hula akipewacho kwa imani, na imani ya asiyeweza kuuliza ni amana nzito kuliko mkataba wenye sahihi. Sijabadili desturi niliyolelewa nayo: nikiguswa na mate ya mbwa naosha. Lakini kuosha mkono ni haki ya ibada yangu, na kujua mkono huo umetoa nini ni haki ya mbwa. Haki mbili hizi hazigombani. Kumpa kiumbe kilichobaki si dharau. Dharau ni kumpa bila ya kujua kilibaki kutoka wapi.