Moyo wa Mkimbiaji Una Kovu, Lakini Wewe wa Kwenye Sofa Usishangilie

Kuna video inazunguka kwenye simu za wasee, ati kukimbia masafa marefu kunaua moyo. Wale wa kulala hadi saa sita mchana wanaisambaza kama habari njema. Hebu tulieni. Mimi si daktari, chuo niliacha katikati na hata sikuwa nasomea mambo ya mwili. Lakini kusoma sijaacha, na hii stori haitoshi kwenye sekunde 30.

Chukua Ryan Shay. Tarehe 3 Novemba 2007, New York, Wamarekani wanachagua timu yao ya marathoni ya Olimpiki. Jamaa ana miaka 28, mkimbiaji wa kulipwa. Hata kilomita 10 hazijaisha, akaanguka, na hakuamka tena. Waliochunguza mwili walikuta moyo mkubwa wenye makovu hapa na pale, na chanzo cha makovu hawakukijua. Hicho kipande cha mwisho ndicho video inaruka.

Moyo kuwa mkubwa peke yake si ajabu kwa mwanariadha. Daktari Mswidi aitwaye Henschen aliuona kwa watu wa ski mwaka 1899. Ukiwa umekaa, moyo wako unasukuma kama lita 5 za damu kwa dakika. Mwanariadha wa juu akiwa mbioni anavuka lita 30. Misuli ikipigishwa kazi hivyo miaka na miaka lazima ikue.

Kovu ni kitu kingine. Kovu halikazi kama msuli, na umeme wa moyo haupiti ndani yake, kwa hivyo umeme unalizunguka. Ukianza kuzunguka bila kutoka, mapigo yanaenda segemnege. Na ubaya wake ni kwamba moyo unaweza kuwa nalo na bado usukume damu vizuri tu. Unakimbia, muda wako uko sawa, hujui chochote. Kuliona ni hadi uingie kwenye mashine ya MRI, udungwe dawa inayoondoka haraka kwenye misuli mizima lakini inabaki kwenye kovu.

Watafiti wa Leeds, Uingereza, walifanya hivyo kwa wanaume 106 wa zaidi ya miaka 50, waendesha baiskeli na watu wa triathlon waliofanya mazoezi makali kwa miaka mingi, wote bila dalili. Matokeo yalitoka 2025: karibu nusu walikuwa na kovu. Kisha wakawekewa kifaa kidogo chini ya ngozi cha kusikiliza mapigo, na baada ya kama miaka miwili, takriban mmoja kwa kila watano alikuwa amepata mapigo mabaya ya vyumba vya chini vya moyo. Wengi wao walikuwa wale wenye kovu.

Sasa soma tena: wanaume, zaidi ya miaka 50, mazoezi makali ya miaka mingi. Wewe wa kilomita 5 Karura halafu chai na mandazi, hapo hauko. Na Marekani, kati ya wakimbiaji karibu milioni 10.9 wa marathoni na nusu marathoni kuanzia 2000 hadi 2010, mioyo iliyosimama ilikuwa 59. Sofa yako haina rekodi safi hivyo, manze.

Lakini na nyinyi wa klabu za mbio, sijawasahau. Kuna huu ujinga wa kukimbia na homa, ati unaitoa jasho. Virusi vinaweza kuingia kwenye misuli ya moyo na kuiwasha, na uvimbe huo ukipona unaweza kuacha kovu lile lile. Mtu ana joto, koo limefunga, na bado anapiga 18 ili apate picha ya Jumapili. Kwa nini? Nani anakulipa?

Hii kitu inaniuma kwa sababu ya mzee wangu. Ana miaka 54, alianza kukimbia kabla mimi sijazaliwa, na wiki ikiisha bila kilomita 60 anakuwa mkali nyumbani. Tangu Januari anasema moyo "unaruka" akipanda mlima, mara moja akaona giza ikabidi akae kando ya barabara. Nikimwambia hospitali ananiambia, "Kijana, mimi nikiacha kukimbia ndio nitakufa." Sijamwambia aache, jamani. Kuona giza katikati ya mbio si uchovu, ni sababu ya kupimwa, kwanza ECG, ambayo haichukui hata dakika kumi, halafu daktari aamue kama MRI inahitajika.

Nilimpigia mama tukapanga naye. Alhamisi saa mbili asubuhi mzee anapelekwa, na viatu vyake vya mbio viko kwangu hadi tutoke huko.